Jarife la Natal: Historia ya Kuua Papa kwa Ajili ya Waogeleaji

Katika Bahari ya Hindi nzima hakuna pwani ambako papa wameuawa kwa kusudi la kumlinda mwogeleaji kwa muda mrefu kama pwani ya Natal, ambayo leo ni jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini. Kazi hiyo ilianza mjini Durban mwaka 1952, ikaenea hadi kugusa fukwe kadhaa zilizotapakaa katika mwambao wa kilomita zipatazo 320, kutoka Richards Bay upande wa kaskazini hadi mpaka wa kusini wa jimbo, nayo haijakoma. Wanaoijadili huiweka mara nyingi katika sura ya mambo mawili, ama papa wauawe, ama kila aingiaye baharini abebe dhamana yake mwenyewe. Lakini ukiifuatilia historia yenyewe utaona kwamba suala halikupata kuulizwa hivyo hata mara moja. Uamuzi ulipitishwa na halmashauri za miji na wenye hoteli, katika nyakati za hofu, huku msimu wa likizo ukikaribia, na wengi wa walioogelea kwa usalama baada ya hapo hawakujua ni nini hasa kilichokuwa kikitendeka mita mia chache mbele ya macho yao.

Uvuvi wa papa wenyewe si jambo la ajabu. Katika mwambao wa Waswahili papa amevuliwa tangu zamani kwa jarife, yaani wavu wenye matundu makubwa unaotegwa kwa samaki wa umbo kubwa. Nyama yake ilitiwa chumvi, ikakaushwa na kusafirishwa kwa majahazi, na ini lake lilitoa sifa, mafuta yaliyopakwa kwenye mbao za vyombo ili zisiliwe na maji. Huko papa aliuawa ili aliwe na atumiwe, na haikuwako haja ya kumwondoa majini kwa ajili ya waogaji, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwambao wa Kenya na Tanzania imekingwa na miamba ya matumbawe ambayo huvunja mawimbi na kuacha maji ya kina kifupi kati yake na nchi kavu. Natal haina kinga hiyo. Mawimbi ya bahari kuu hufika moja kwa moja mchangani, mkondo wa Agulhas, ambao ni mkondo wenye nguvu wa maji ya vuguvugu unaoteremka kutoka kaskazini, hupita karibu na pwani, na mito mingi mifupi humwaga tope baharini wakati wa mvua za kiangazi cha kusini. Papa watatu wanaohofiwa zaidi na wanadamu hukutana katika maji hayo: papa mweupe mkubwa, papa chui-milia, aitwaye hivyo kwa sababu ya mistari ya ubavuni mwake, na papa wa Zambezi, ambaye ana uwezo wa nadra wa kuishi katika maji chumvi na maji baridi, hupanda mito, na huwinda vizuri katika maji machafu ambamo mwogeleaji haoni hata miguu yake.

Kuogelea baharini kwa burudani kulikuwa desturi iliyokuja na reli. Mwanzoni mwa karne ya 20 Durban ilijijenga kuwa mji wa likizo wa wakazi Wazungu wa miji ya migodi ya dhahabu iliyo mbali na bahari, na halmashauri yake ilielewa mapema kwamba mgeni anayeogopa maji hatarudi mwaka ujao. Mwaka 1907 ilijengwa boma la nusu duara lililoingia baharini, ili watu waogelee ndani yake. Hicho kilikuwa kizuizi cha kweli, kwa maana kilimtenga papa na mtu bila kumdhuru yeyote kati yao, lakini chuma kilishika kutu, mawimbi yakakipiga bila kupumzika, na mwaka 1928 kikabomolewa. Somo lililobaki lilikuwa la gharama: katika pwani iliyo wazi namna ile, kuizuia bahari kwa ukuta ni kazi isiyokwisha. Miaka zaidi ya kumi ilipita bila kitu kingine kuwekwa mahali pake. Kisha, kati ya mwaka 1943 na 1951, watu saba waliuawa na papa katika fukwe za Durban, na halmashauri ikaanza kutafuta njia iliyo nafuu kuliko ukuta.

Njia hiyo ilipatikana Australia. Mjini Sydney, baada ya mashambulizi ya miaka ya 1930, serikali ya New South Wales ilikuwa imeanza mwaka 1937 kutega nyavu mbele ya fukwe kubwa, na Durban iliuchukua utaratibu huo karibu kama ulivyo. Yafaa kuueleza kwa makini, kwa sababu hapa ndipo kutoelewana kwa miaka mingi kulipoanzia. Wavu wa Natal ulikuwa na urefu wa mita zaidi ya 200 na kimo cha mita sita hivi, na matundu yake yalikuwa makubwa kiasi cha kuwapitisha samaki wadogo bila kuwagusa. Ulitegwa sambamba na ufukwe, umbali wa mita 300 hadi 500 kutoka nchi kavu, mahali penye kina cha mita kumi au kumi na nne, ukishikiliwa na nanga na maboya. Nyavu zilipangwa kwa safu mbili zinazopishana, zenye nafasi kati yake. Wavu haukufika chini kabisa, wala haukuziba pembeni. Papa waliweza kupita juu yake, chini yake au kando yake, na walipita kweli, kwa kuwa takriban theluthi moja ya papa waliopatikana katika nyavu za Natal walinaswa upande wa ndani, wakiwa njiani kurudi baharini baada ya kuwa karibu na watu. Wavu huo, kwa hiyo, haukuwa ua. Lilikuwa jarife, chombo cha kuvulia, na usalama uliotokana nalo ulitokana na ukweli kwamba ukivua mahali pamoja mwaka baada ya mwaka, papa wakubwa wa mahali hapo hupungua, na papa akipungua nafasi ya kukutana na mtu hupungua pia.

Katika mwaka wa kwanza Durban ilinasa papa 552. Hesabu za miaka iliyofuata zilishuka, jambo linaloafikiana na maelezo hayo, kwamba waliokuwa wakikaa karibu waliondolewa kwanza na baadaye wavu ukawa unawapokea wapitao tu. Kwa upande wa wanadamu matokeo yalikuwa makubwa, na hayafai kupuuzwa na yeyote anayewahurumia papa: tangu nyavu zilipotegwa mwaka 1952 Durban haijapoteza hata mwogeleaji mmoja kwa shambulio la papa katika fukwe hizo. Mtu aliyemzika ndugu yake kabla ya mwaka huo hakuhitaji hoja nyingine.

Miji midogo ya kusini mwa Durban haikuwa na nyavu wala fedha za Durban. Kati ya tarehe 18 Desemba 1957 na tarehe 5 Aprili 1958, katika fukwe za Karridene, Uvongo, Margate, Scottburgh na Port Edward, papa waliwashambulia watu mara kwa mara, na watano au sita, kulingana na namna ya kuhesabu, walikufa. Kipindi hicho kiliitwa Desemba Nyeusi. Kilianguka katikati ya msimu ambao hoteli za pwani ya kusini ziliutegemea kwa mapato ya mwaka mzima, na magazeti ya bara yalipoeneza habari, wageni walifunga mizigo yao na kuondoka, na barabara za kurudi ndani ya nchi zikajaa magari. Lililofuata linaonyesha jinsi hofu inavyoweza kutangulia maarifa. Maboma ya miti, waya na nyavu yalisimamishwa haraka katika fukwe kadhaa, nayo mawimbi yakayang'oa mengine. Manowari ya jeshi la majini la Afrika Kusini ilitumwa kudondosha mabomu ya kulipuka chini ya maji, ya aina iliyotumika vitani dhidi ya nyambizi. Ikaua papa wachache na samaki wengi, na mizoga ya samaki hao ikawaita papa wengine waje kula. Katika historia yote ya suala hili ni vigumu kupata tendo lililokwenda kinyume cha kusudi lake kwa uwazi zaidi.

Sababu za Desemba Nyeusi zimejadiliwa tangu wakati huo. Mito iliyofurika iliyatia maji tope katika wiki hizo, na idadi ya waogeleaji ilikuwa kubwa kuliko miaka iliyotangulia, mambo ambayo yangetosha kueleza sehemu ya maafa. Lipo pia suala la nyangumi. Tangu mwaka 1908 Durban ilikuwa na kituo cha kuchakata nyangumi katika kilima cha Bluff, kilichoanzishwa na Wanorwei na kufungwa mwaka 1975, na mizoga iliyoburutwa na meli hadi bandarini ilivuja damu na mafuta njia nzima huku papa wakiifuata. Haijathibitishwa kwamba meli hizo ndizo zilizowaleta papa waliowaua watu katika pwani ya kusini, lakini mji uliokuwa ukiwavutia papa kwa biashara moja ulikuwa ukiwaua kwa ajili ya biashara nyingine, na jambo hilo linastahili nafasi zaidi kuliko linayopewa katika masimulizi ya kawaida, ambamo papa huonekana kana kwamba alizuka kutoka gizani bila kuitwa na mtu.

Mwaka 1964 serikali ya jimbo ilipitisha sheria iliyounda Bodi ya Natal ya Kukabiliana na Papa, ambayo kwa majina yaliyobadilika baadaye ndiyo Bodi ya Papa ya KwaZulu-Natal ya leo, yenye makao yake Umhlanga, kaskazini mwa Durban. Mwanzoni bodi ilisimamia tu, huku halmashauri na wakandarasi wakitunza nyavu. Kuanzia miaka ya 1970 ilizichukua nyavu zenyewe, ikaajiri wafanyakazi, ikanunua boti, na kuweka utaratibu ambao mabaharia wake hutoka alfajiri, wakapenya mawimbi, wakakagua nyavu moja baada ya nyingine, wakawaachilia walio hai na kuwaleta nchi kavu waliokufa. Kazi hiyo ni ngumu na ya hatari, na wengi wa walioifanya kwa mikono yao walikuwa Waafrika ambao sheria za wakati huo hazikuwaruhusu kukanyaga mchanga waliokuwa wakiulinda. Fukwe bora za Durban zilitengwa kwa Wazungu pekee, utengano ambao sheria ya mwaka 1953 kuhusu huduma tofauti kwa kila rangi iliuimarisha, na haukuondolewa mjini humo hadi mwaka 1989. Swali la nani alilindwa, basi, lina jibu lililo wazi: walilindwa wale ambao likizo yao iliingiza fedha. Wavuvi, wakusanyaji kome wa vijijini na watoto walioogelea katika midomo ya mito walibaki na bahari kama ilivyokuwa.

Katika kilele chake, mwanzoni mwa miaka ya 1990, bodi ilikuwa na nyavu zenye urefu wa jumla wa zaidi ya kilomita 40. Wastani wa papa zaidi ya 1,000 walinaswa kila mwaka katika miongo miwili ya mwisho ya karne ya 20, na sehemu ndogo tu waliachiliwa wakiwa hai. Kwa kipindi cha miaka 30 kuanzia mwaka 1978, jumla ilipita papa 33,000, na pamoja nao taa zaidi ya 8,000, kasa zaidi ya 2,000, na pomboo na wanyama wengine wa jamii ya nyangumi zaidi ya 2,000. Wavu hauchagui. Pomboo na kasa huvuta hewa juu ya maji, hivyo wakinaswa chini hufa kwa kukosa pumzi. Papa wengi, ambao sharti waogelee ili maji yapite kwenye mashavu yao, hufa kwa kuzuiwa kwenda. Wengi wa papa hao walikuwa wa aina zisizomdhuru mtu. Hasara iliyo chungu zaidi huenda ni ya pomboo wa nundu, mnyama wa mwambao anayeishi kwa makundi madogo karibu na nchi kavu, ambaye hupatikana pia katika maji ya Kizimkazi, Unguja, na ambaye sasa amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Nyavu za Richards Bay zimeua wengi wa jamii hiyo kuliko inavyoweza kustahimili.

Hata hivyo mizoga hiyo ndiyo iliyofundisha. Bodi ilipima na kupasua papa waliokufa, ikaandika vilivyomo matumboni mwao, umri wao na hali ya uzazi wao, na ikawaalika wanafunzi na watalii waje kuona upasuaji huo, hadi Umhlanga ikawa na kumbukumbu ndefu za papa ambazo hazina mfano katika Afrika. Kumbukumbu hizo zilitoa picha iliyotofautiana na ile ya Desemba Nyeusi, kwa kuwa papa mkubwa alionekana kuwa mnyama anayechelewa kukomaa, anayebeba mimba kwa muda mrefu na kuzaa watoto wachache, ambaye akivuliwa mfululizo harudi upesi. Mwaka 1979 mtafiti Rudy van der Elst alitoa hoja kwamba kupungua kwa papa wakubwa kuliwaacha papa wadogo waongezeke, wakaonekana kwa wingi katika ndoana za wavuvi wa ufukweni. Wengine waliitilia shaka hoja hiyo baadaye, lakini iliwalazimu watu kuuliza kwa mara ya kwanza bahari inakuwaje baada ya wakubwa wake kuondolewa. Mwaka 1991 Afrika Kusini ikawa nchi ya kwanza duniani kumlinda papa mweupe mkubwa kwa sheria. Tangu hapo chombo cha serikali kimekuwa kikimnasa, kwa kibali, mnyama ambaye serikali hiyo hiyo inamkataza mvuvi wa kawaida kumgusa.

Mifano ya nchi nyingine inazuia mtu asijumuishe mambo haraka. Katika visiwa vya Hawaii, kati ya mwaka 1959 na 1976, papa 4,668 waliuawa katika kampeni zilizofuatana, na waliochunguza takwimu baadaye hawakuona kwamba mashambulizi yalipungua. Katika jimbo la Western Australia mwaka 2014, baada ya vifo kadhaa, serikali ilitega ndoana zenye chambo karibu na fukwe. Walinaswa papa 172, na hakuna hata mmoja aliyekuwa papa mweupe mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akitafutwa. Natal ni tofauti kwa sababu uvuvi wake haukuwa wa msimu mmoja wala wa hasira ya wiki moja. Yeyote anayetetea kuuawa kwa papa anapaswa kulitaja hilo kwa uaminifu: njia hiyo hufanya kazi pale tu inapofanywa daima, mahali pale pale, kwa gharama isiyokoma ya fedha na ya viumbe, na ikisimamishwa faida yake hupotea.

Bodi yenyewe imekuwa ikirudi nyuma hatua kwa hatua, na mwandishi wa historia hana budi kuipa haki yake. Nyavu hutolewa majini katikati ya mwaka wakati mafuriko ya dagaa yanapopita kutoka kusini, yakifuatwa na pomboo, ndege na papa kwa maelfu, kwa sababu kuziacha wakati huo kungekuwa mauaji matupu. Kuanzia mwaka 2007 sehemu ya nyavu iliondolewa na mahali pake zikawekwa ndoana kubwa zenye chambo, zilizoning'inizwa chini ya maboya, ambazo hunasa papa wakali lakini humwacha salama karibu kila kasa na pomboo. Urefu wa nyavu ukashuka hadi karibu nusu ya ule wa awali. Watafiti wa bodi waliunda pia katika miaka ya 1990 kifaa cha kuvaliwa na mzamiaji kinachotoa umeme hafifu majini, kwa kuwa papa ana vitundu puani vinavyohisi umeme, na mkondo huo humkera akaondoka. Hatua hizi zimepunguza hasara, lakini hazijabadilisha msingi, ambao bado ni kuvua.

Msingi tofauti ulijengwa upande wa pili wa nchi. Huko Cape Town, katika Ghuba ya False Bay, nyavu za kuua hazikupata kutegwa, na papa weupe wakubwa walipoanza kuonekana mara nyingi karibu na waogeleaji, ulianzishwa mwaka 2004 utaratibu wa walinzi wanaokaa milimani juu ya fukwe kama Muizenberg na Fish Hoek, wakiyachunguza maji kwa darubini. Bendera ya kijani huonyesha kwamba maji yanaonekana vizuri na papa hajaonekana, nyeusi kwamba maji hayaonekani vizuri, nyekundu kwamba tahadhari inahitajika, na nyeupe yenye umbo la papa, ikifuatana na king'ora, huwaamuru wote watoke. Fish Hoek iliongezewa wavu wa matundu madogo, uliokusudiwa kuwatenga papa bila kuwanasa, ambao hutandazwa na kukunjwa siku hiyo hiyo. Ubora wa utaratibu huo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, uko katika kumweleza mtu ukweli: mwogeleaji husoma bendera, hujua kiasi cha hatari ya saa ile, kisha huamua. Lakini Cape Town ina milima inayotazama bahari na maji ambayo mara nyingi ni maangavu, na Natal haina moja wala jingine. Jambo jingine halikutarajiwa na yeyote: kuanzia mwaka 2017 hivi papa weupe walianza kutoweka False Bay, wakiwindwa na nyangumi wauaji na huenda wakikosa chakula kwa sababu ya uvuvi wa papa wadogo, na walinzi wakajikuta wakilinda maji ambayo mnyama wake amehama.

Mtihani mgumu zaidi wa hoja zote mbili uko Port St Johns, katika jimbo la Eastern Cape, kusini mwa mwisho wa nyavu za Natal. Mto Mzimvubu humwaga tope lake baharini karibu na mji huo, papa wa Zambezi huingia na kutoka mdomoni mwake, na katika ufukwe uitwao Second Beach watu kadhaa waliuawa kati ya mwaka 2007 na 2014, wengi wao vijana, ndani ya eneo dogo ambalo halikuwa na wavu wala mlinzi wa mlimani. Eneo hilo ni sehemu ya Transkei ya zamani, eneo ambalo serikali ya ubaguzi wa rangi iliwatengea Waafrika, na ni miongoni mwa sehemu maskini kabisa za nchi, na halikupata kuwa na hoteli za kulipia boti za alfajiri. Kuwaambia watu wake wakubali hatari kwa ajili ya uhai wa bahari ni kuwataka walipe gharama ambayo Durban haijalipa tangu mwaka 1952. Na kuwategea nyavu ni kuanza upya, katika mdomo wa mto ambamo papa huingia na kutoka, kazi ambayo Natal imetumia zaidi ya miaka 30 kuipunguza. Wanachostahili kwanza ni kile ambacho mwogeleaji wa Muizenberg anapata bila kukiomba: mtu aliyeajiriwa kuyatazama maji, bendera inayosema hali ya maji ya siku, mafunzo na vifaa vya kuzuia damu vilivyo tayari mchangani, na hospitali iliyo karibu kiasi cha kumwokoa aliyejeruhiwa.